Senta wangu ni mfupi: nimwanzishe au nimrudishe benchi?

Swali: Shikamoo kocha. Nafundisha timu ya kikapu ya vijana mtaani kwetu Makorora, Tanga. Senta wetu, yule mchezaji wa chini ya ringi, wa sentimita 197, kapata kazi Dodoma, ameondoka. Mrefu aliyebaki ana 190, ila ni mzito na mpira unamponyoka mikononi. Ninaye mwingine wa 181, kifua kipana, kibarua wa bandarini, na mazoezini hakuna anayempokonya ribaundi, yaani mpira uliokoswa. Nimemjaribu senta mechi mbili: moja tumeshinda, moja tumepigwa vibaya. Wazee wa kijiwe cha kahawa wananiuliza kama nimeishiwa watu hadi nimeweka kisiki chini ya ringi. Lakini kwenye televisheni naona Wamarekani wanafanya hivyohivyo. Nimwanzishe au nimrudishe benchi?

Jibu: Marahaba, kocha mwenzangu. Mwanzishe.

Ningeweza kuishia hapo, lakini ukilichukua neno hilo peke yake utapigwa tena kama ulivyopigwa, kisha utakuja kunidai. Swali lako umelielekeza kwa mtu mmoja, na jibu lake liko kwa wale wanne wengine. Senta mrefu anawasitiri wenzake. Gadi, mchezaji wa mbali na ringi, akipitwa, mrefu yuko nyuma yake. Fowadi, mchezaji wa pembeni, akisahau kumwekea mgongo mtu wake, mrefu ananyoosha mkono tu na mpira ni wenu. Senta mfupi hamsitiri mtu. Ukimweka yeye, uvivu wa wenzake wote unaanikwa juani.

Sikuiona hiyo mechi mliyofungwa, lakini nabashiri hivi: kijana wako wa bandarini alipambana vizuri na mrefu wao, na pointi nyingi zilizowaumiza hazikutoka kwa huyo mrefu. Zilitoka kwa fowadi wao aliyeokota mpira uliokoswa, kwa sababu fowadi wako alikuwa amesimama anautazama angani kama anayetafuta mwezi wa Idi. Kama nimekosea, nisamehe. Kama sijakosea, endelea kusoma.

Nianze na mrefu wetu wa taifa. Hasheem Thabeet, kijana wa Dar es Salaam, ana sentimita 221. Mwaka 2009 Memphis Grizzlies walimchukua akiwa wa pili kati ya wachezaji wote wapya walioingia NBA, ligi kuu ya kikapu ya Marekani, mwaka ule, na tangu hapo mtoto yeyote mrefu nchini akipita mtaani watu wanasema huyu ni senta. Sawa. Ila miezi michache kabla ya hapo, Februari 16, akiwa bado Chuo Kikuu cha Connecticut, na timu yake ikiwa namba moja kwenye orodha ya ubora wa vyuo vya Marekani, alikutana na Pittsburgh. Senta wa Pittsburgh alikuwa DeJuan Blair, sentimita 201. Tofauti yao ni sentimita 20, karibu shibiri nzima. Blair alifunga pointi 22, akachukua ribaundi 23, na Pittsburgh wakashinda 76 kwa 68. Kuna wakati mikono yao ilinasana wakigombea mpira, na yule mfupi akamrusha Thabeet juu ya bega lake hadi sakafuni, kama mwanamieleka. Msimu ulipokwisha wawili hao waligawana tuzo ya mchezaji bora wa ligi yao ya vyuo. Na NBA ilipofika zamu ya kuchagua, mrefu akachukuliwa wa pili, mfupi akasubiri hadi nafasi ya 37. Magoti ya Blair yalikuwa na kasoro, hilo nalo lilichangia, lakini utaona kwamba hata huko kwenye fedha na vipimo watu hununua urefu kwanza. Wazee wako wa kijiweni hawako peke yao.

Blair alifanyaje? Ndilo jambo la kumfundisha kijana wako, na kwa kazi yake huenda analijua nusu tayari. Ribaundi haigombewi juu. Inagombewa chini, kabla mpira haujagusa ringi. Mpira ukiwa bado hewani, mfupi anageuka, anakaa kama anayetaka kunyanyua gunia, makalio yake yanagusa mapaja ya mrefu, halafu anasukuma nyuma kwa miguu, si kwa mikono, hatua moja, mbili. Mrefu anayesukumwa mapajani hawezi kuruka. Kuruka kunataka magoti yakunjwe, na magoti yake yameshafungwa mlango. Sentimita 20 zinabaki kuwa za kupigia picha. Mtu aliyezoea kubeba mizigo hasimami wima akiwa kazini, kiuno chake kinajua njia ya kushuka. Ndiyo maana mazoezini hapokonywi.

Mimi mwenyewe nilicheza senta nikiwa na sentimita 183, zamani, viwanja vya vumbi. Nyonga ya kushoto hadi leo inanikumbusha mvua ikikaribia. Siongei kwa kusoma.

Kabla hujaenda mbali, acha kumpima kijana kwa kichwa. Kichwa hakikingi mpira. Chukua chaki, mpeleke ukutani, avue viatu, asimame wima na anyooshe mkono mmoja juu, kisha chora alama. Halafu muite yule wa 190 naye achore. Halafu warudie wakiwa wameruka. Nimeshaona mara nyingi mtu wa 181 mwenye mikono mirefu akigusa juu kuliko wa 190 mwenye mikono mifupi na mruko wa kuku. Draymond Green wa Golden State Warriors, ambaye ndiye unayemwona kwenye televisheni akicheza senta na sentimita 198 zake, akinyoosha mikono pande mbili anavuka mita 2.1. Wanaosema ni mfupi wanampima utosini. Kama alama ya chaki ya kijana wako iko chini ya ile ya mwenzake kwa kiganja kimoja tu, huo si ufupi wa kukunyima usingizi. Ikiwa chini kwa zaidi ya shibiri, basi mengi ninayokuambia hapa yatumie kwa dakika chache tu za mchezo.

Sasa hiyo televisheni. Ulichokiona kilipata umaarufu mkubwa fainali ya NBA ya mwaka 2015. Warriors walikuwa nyuma michezo 2 kwa 1 mbele ya Cleveland. Mchezo wa nne, kocha Steve Kerr akamtoa kwenye kikosi cha kwanza Andrew Bogut, sentimita 213, akamwanzisha Andre Iguodala, na Green akawa senta. Wazo lenyewe lilitoka kwa msaidizi wake mmoja kijana aliyekuwa akichambua video, jambo ambalo wewe kijana unayechekwa kijiweni ulikumbuke. Cleveland wakaanza kwa pointi 7 bila jibu. Mrefu wao, Timofey Mozgov, sentimita 216, alimaliza na pointi 28. Ukisikia hayo tu utasema kisiki kimeshindwa. Matokeo: Warriors 103, Cleveland 82. Mchezo uliofuata kocha wa Cleveland alimpa Mozgov dakika 9 tu, na Warriors wakautwaa ubingwa 4 kwa 2.

Hapa ndipo watu wengi husoma kinyume. Warriors hawakumzuia Mozgov. Walimwacha afunge mbili mbili zake, halafu upande wa pili wakamkimbiza. Kila walipoupata mpira walikuwa wameshafika kwenye ringi nyingine kabla hajavuka mstari wa kati. Mrefu alifunga, akachoka, na kocha wake mwenyewe akaona gharama yake ni kubwa kuliko faida. Kwa hiyo mrefu wa wenzako akifunga mara tatu mfululizo mwanzoni, usikurupuke kubadilisha. Jiulize kwanza: je, na yeye anakimbia kurudi?

Lakini kuna upande ambao televisheni haikurudii mara nyingi. Mwaka 2020 Houston Rockets walimuuza senta wao mrefu Clint Capela na kumkabidhi kazi P. J. Tucker, sentimita 196. Walikwenda hivyo hadi walipokutana na Los Angeles Lakers katika raundi ya pili ya mtoano. Mchezo wa kwanza wakashinda Houston. Baadaye Lakers wakawapunguzia dakika masenta wao wa kawaida, wakamsogeza Anthony Davis, sentimita 208, ambaye anakimbia na kuudunda mpira kama gadi. Houston wakafungwa minne iliyofuata. Adui wa senta mfupi si mrefu. Ni mrefu mwenye miguu. Ukikutana na timu yenye mtu wa namna hiyo, na mkoani kwenu naamini hawajai mkono mmoja, mweke yule wako wa 190 hata kama mpira unamponyoka, na mfupi ampokee baadaye.

Nije kwenye tofauti ambayo makocha wetu vijana wanaisahau kwa kutazama sana NBA. Kule mlinzi haruhusiwi kujikalia chini ya ringi zaidi ya sekunde 3 bila kuwa karibu na mtu anayemlinda. Sisi tunacheza kwa sheria za FIBA, shirikisho la kikapu la dunia, na hazina katazo hilo kwa mlinzi, sekunde 3 zinamhusu mshambuliaji tu. Maana yake mrefu wa wenzako anaweza kuweka kambi chini ya ringi yao dakika 40 zote, na ndivyo wanavyofanya. Wanapanga zoni, kila mmoja analinda eneo badala ya mtu, wawili mbele, watatu nyuma, mrefu katikati kama mlinzi wa ghala la mkonge. Ule ujanja wa Wamarekani wa kumvuta senta nje ili njia ifunguke haufanyi kazi kwa mtu asiyelazimika kutoka. Tena kwa FIBA mpira ukishagusa ringi, yeyote anaweza kuupiga kofi hata ukiwa unazungukazunguka juu yake, jambo ambalo NBA ni kosa. Mwenye mkono mrefu anafaidi mara mbili.

Na kule zoni ikikaa ndani unaiadhibu kwa mitupo ya pointi tatu. Hapo tena Tanga ina neno lake. Mstari wa pointi tatu wa FIBA uko mita 6.75. Ndani ya ukumbi uliofungwa ni mtupo mmoja, na kwenye uwanja wa saruji ulio wazi, saa kumi na moja jioni, upepo wa baharini ukivuma, ni mtupo mwingine kabisa. Sijui vijana wako wanatupa namna gani, ila nisingepanga mchezo wangu wote juu ya mtupo ambao kusi linaweza kuusogeza nusu kiganja. Kwa hiyo timu ndogo inayonakili televisheni neno kwa neno hapa kwetu inajikuta haina urefu na haina pointi tatu.

Ufanyeje basi? Senta wako mfupi mtoe chini ya ringi wakati mnashambulia. Msimamishe kwenye mstari wa mitupo huru, katikati ya zoni, mgongo kwa ringi. Mpira ufike kwake kila shambulizi, hata kama hatautupa. Akiwa pale, yule mrefu wa wenzako ana mambo mawili tu ya kuchagua. Akitoka kumkabili, nyuma yake pamekuwa wazi na fowadi wako anayekatiza kutoka kona anapokea pasi ya kudundishwa na kuweka leyapu, mtupo wa karibu kabisa na ringi. Asipotoka, kijana ageuke atupe kutoka hapohapo, umbali wa mita 4 na kidogo, ambao upepo hauna nguvu nao sana. Mtupo huo mmoja, wa kutoka mstari wa mitupo huru, mfundishe kila siku hadi wavuvi wamerudi. Ukinikumbuka kwa lolote katika barua hii, likumbuke hilo: senta mfupi asiyeweza kufunga kutoka pale ni mlinzi wa ziada tu, na wenzako watamwacha peke yake wakucheze wanne kwa watano.

Kuna mtu mmoja wa zamani ningependa umjue, Wes Unseld. Sentimita 201, senta wa Baltimore, timu iliyokuja kuhamia Washington, na zama zake senta wa 213 walikuwa wa kawaida. Msimu wa 1968–69, wake wa kwanza kabisa, alitajwa mchezaji bora mpya na mchezaji bora wa ligi nzima kwa mara moja, kitu ambacho kabla yake alikuwa amekifanya Wilt Chamberlain pekee. Mwaka 1978 akawa bingwa na mchezaji bora wa fainali. Hakuwa anaruka sana. Sifa yake ilikuwa pasi: akishika ribaundi chini ya ringi yake, kabla miguu haijatulia sakafuni mpira umeshamfika mwenzake anayekimbia upande wa pili. Kijana wako wa bandarini ana mikono ya kazi hiyo. Akichukua ribaundi, marufuku kuuteremsha mpira kiunoni na kuanza kuudunda. Ashike, ageuze uso, arushe. Gadi wako awe ameshakimbilia pembeni anasubiri. Mkifunga mara nne hivi kwa mchezo, zoni yao haitapata hata muda wa kupangwa.

Kwenye ulinzi, asicheze nyuma ya mrefu. Acheze mbele yake, kati yake na mpira, ili kumfikia mrefu kuwe na njia moja tu, pasi ya kupinda juu ya kichwa. Hapo upepo uliokunyima pointi tatu unakulipa deni, maana pasi ya juu kwenye uwanja wa wazi inayumba, na fowadi wako wa upande wa pili anakuwa ameshasogea nyuma ya mrefu kuidaka. Lakini gadi wako ndiye anayefanya hili liwezekane. Akimwachia mpigapasi nafasi ya kutazama na kupima, pasi itafika na kijana wako atabaki nyuma ya mtu, akiwa hana la kufanya ila faulo.

Faulo. Hapa nakusimulia aibu yangu. Nusu fainali moja ya ugenini nilikuwa na senta mfupi kama wako, moyo wa simba. Hadi mapumziko alikuwa na faulo 3. Nilimwacha, kwa sababu tulikuwa mbele na kwa sababu nilikuwa nimelewa sifa za mpango wangu. Robo ya tatu haikuisha akawa na 5, nje. Sikuwa nimemwandaa mrefu wangu hata dakika moja, alikaa benchi amepoa, anavimba kwa hasira. Tulipoteza uongozi wote tuliokuwa nao. Mfupi anayegombana na warefu atapata faulo, hilo ni sawa na jua kuchomoza, na kuanzia faulo ya 5 ya timu ndani ya robo moja kila faulo ya mlinzi ni mitupo miwili huru. Kwa hiyo hesabu zangu siku hizi ni hivi: mfupi anaanza, akifikisha faulo ya 2 kabla ya robo ya kwanza kwisha anapumzika bila mjadala, na yule mrefu anaingia akijua kabla ya mchezo kuwa ataingia. Kijana wako wa 190 mwambie mapema. Asijione ametupwa. Huyo ni chakula chako cha akiba, na mikono inayoponyoka mpira hutibika: kila siku adake mpira uliolowa maji mara 100, mkono mmoja mmoja.

Na wale wanne niliowataja mwanzo. Kila mazoezi, dakika 10 za mwisho, weka watano kwa watano, mtu atupe mpira ukutane na ringi kwa makusudi ya kukosa. Walinzi hawaruhusiwi kuudaka. Kazi yao ni kila mmoja kumgeukia mtu wake na kumwekea mgongo mpaka mpira udunde chini mara moja bila kuguswa na mshambuliaji yeyote. Ukidunda, wamepata pointi. Ukiguswa, wanakimbia. Wiki ya kwanza watakuchukia. Wafundishe pia kwamba mtupo uliotoka kona ukikosewa mara nyingi huangukia upande wa pili, kwa hiyo fowadi wa upande ule ndiye mwenye kazi, si senta. Senta wako asipochukua ribaundi hata moja lakini mrefu wao naye asichukue, amefanya kazi yake, na umsifie mbele ya watu.

Mechi ijayo mpe mdogo wako mmoja daftari. Asiandike pointi. Aandike kitu kimoja: kila mara wenzenu walipokosa kisha wakaupata mpira tena, na nani alikuwa anamlinda aliyeupata. Baada ya mechi tatu utakuwa na majina, na utajua kama tatizo ni kisiki au ni miti iliyokizunguka.

Umesahau kuniuliza kuhusu mruko wa kuanzia mchezo, ambao najua ndio unaowachekesha wazee zaidi, mtu wa 181 akisimama uso kwa kifua na mrefu katikati ya uwanja. Mtume gadi anayeruka kuliko wote, si lazima awe senta. Na mkiupoteza, msijali: kwa FIBA mruko ni huo mmoja tu mchezo mzima, baada ya hapo mipira ya kugombaniwa inakwenda kwa mshale, yaani kwa zamu, na aliyeupoteza wa kwanza ndiye mwenye mshale wa kwanza.